Mtu Mzima Aliyekuwepo

Siku ya kwanza niliyoachiwa mjukuu wangu Bryony kutwa nzima, nilimkuta saa tatu na dakika kumi asubuhi amekaa sakafuni na nguo za kulalia, kompyuta mapajani, vidude masikioni, anabishana kuhusu shayiri na mtoto wa Norwei. Mama yake, ambaye ni mwanangu Rowena, alikuwa mlangoni anavaa koti aende kazini. Nikamwuliza masomo yanaanza saa ngapi.

"Yameshaanza, Mama," akasema. Akanibusu shavuni, akaenda zake.

Nilibaki nimesimama na mkoba wangu mkononi kama mtu aliyeteremshwa kituo sicho.

Mimi ni Noreen Sugden. Nimefundisha watoto wa miaka mitano hapa Cragdale kwa miaka thelathini na minne, katika shule ile ile moja, na nusu ya watu wa mji huu walijifunza kufunga kamba za viatu mbele yangu. Sikuwahi kuona mtoto wa miaka kumi asiye na ratiba, asiye na daftari, asiye na mtihani, asiye na hata saa ya kuvaa nguo. Nilidhani Rowena ananitania. Nikafungua kabati, nikainama chini ya kitanda nikitafuta vitabu vya hesabu. Nilipata buti moja la mvua, mchanga wa pwani ndani ya chupa, na ganda la ndizi.

"Bryony, kipenzi," nikasema, "leo utajifunza nini?"

"Sijui bado, Nana."

"Utajua lini?"

"Nikishajifunza."

Wala hakunitania. Alisema kwa adabu kabisa, kisha akarudi kwenye shayiri yake.

Lazima nieleze ilivyoanza, maana nisipoeleza nitaonekana mbaya kuliko nilivyo, na ubaya nilionao unanitosha. Bryony alipokuwa na miaka minane aliacha kuongea shuleni. Hakuwa mtukutu, hakuwa mjinga. Sauti iligoma tu. Kwanza ilimgomea mwalimu, kisha wenzake, kisha akaja na ule ukimya mpaka nyumbani, hata mimi bibi yake nikawa najibiwa kwa kichwa. Miezi saba. Kila asubuhi alishikilia nguzo ya ngazi kwa mikono miwili na Rowena anamvuta miguu. Asubuhi moja Rowena aliachia ile miguu, akapiga simu shuleni, akasema mtoto harudi. Shule yenyewe ni ile ile niliyofundisha mimi. Nilistaafu pale kwa keki na maua.

Sauti ilirudi kwa njia ya gemu. Ni gemu ya visiwa: kila mchezaji ana kisiwa chake, analima, anajenga, anauza. Kila siku ya saba meli ya soko inatia nanga, na asiyejiandaa mzigo wake unaoza. Siku moja Rowena alikuwa anaosha vyombo akasikia mtu anasema sebuleni, "Eirik, usiuze sasa, subiri meli." Eirik ndiye huyo mtoto wa Norwei. Rowena aliniambia alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni akalia na povu mikononi.

Nilifurahi, nani asingefurahi? Lakini nilisema: haya, amepona, sasa arudi shule.

"Hajapona, Mama," Rowena akasema. "Ameponea hapa. Na hapa atabaki."

"Na kusoma je? Na hesabu? Na historia ya nchi yake?"

"Anasoma anachokitaka, anapokitaka. Mtoto huru hujifunza kama anavyopumua."

Maneno hayo aliyapata kwa wenzake, wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, wanaokutana kila Jumatano kwenye ukumbi wa kanisa, wanakunywa chai huku watoto wanapanda meza. Nilikwenda mara moja. Kijana wa miaka kumi na miwili alinieleza kwa dakika arobaini jinsi ya kuyeyusha chuma, na hakuna mtu aliyemwambia atoe kidole puani. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Basi nikawa nakaa na Bryony kila Jumanne, siku ambayo Rowena yuko kwenye duka la dawa. Siku nyingine anafanya kazi nyumbani. Na kila Jumanne nilikuwa naandika. Sikuweza kujizuia. Sisi walimu wa watoto wadogo tuna ugonjwa huu: tukimwona mtoto anafanya kitu, mkono unatafuta karatasi. Unaweka tarehe, saa, alichofanya, alichosema, basi. Nimewafundisha wanagenzi wengi kanuni yake. Usiandike unachofikiri, andika unachoona. Na wewe mwenyewe usijitaje. Ukiwemo kwenye tukio, andika "mtu mzima aliyekuwepo".

Kufikia katikati ya Novemba nilikuwa na karatasi nane, na kila nilipozipitia niliona kitu kimoja tu: gemu, gemu, gemu.

Kilichonivunja ni Jumanne ya nane. Nilimletea kitabu kizuri cha hadithi, nikamshika bega, nikamwambia, "Hebu nisomee Nana ukurasa mmoja, kwa sauti." Alikitazama. Akakifunga polepole, na mdomo nao ukafungika. Alikaa hivyo saa mbili nzima. Mimi nilijua. Mwalimu anajua. Mjukuu wa Noreen Sugden, miaka kumi, hajui kusoma! Nilikwenda jikoni nikashika sinki.

Nilipofika kwangu niliketi na koti langu bado mwilini nikaiandikia halmashauri, ile idara ya watoto wanaosomeshwa nyumbani. Barua ilikuwa nusu ukurasa, na nyuma yake nikaambatanisha zile karatasi nane, nimezichapa vizuri. Niliomba jina langu lisitajwe. Nilitembea hadi kwenye sanduku la posta kwenye mvua nikijiona jasiri.

Siku kumi baadaye Rowena alinipigia simu na sikuitambua sauti yake. Nilipofika kwake alikuwa amesimama katikati ya jikoni na barua mkononi.

"Mtu ametuchomea," akasema. "Mtu amekaa akatuandikia, Mama! Wanataka maelezo. Wasiporidhika watatoa amri arudi shule. Ile ile!"

"Nani angefanya hivyo?" nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. Mdomo wangu huu.

"Crabtree. Nani mwingine? Kutwa yuko dirishani. Aliwahi kuniuliza mbona mtoto haendi shule."

Bi. Crabtree ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane anayefuga kuku, mwenye tabia ya kuacha mayai mlangoni pa watu. Rowena alichukua trei ya mayai iliyokuwa mezani, akatoka, akabisha kwa jirani, akamkabidhi bila neno. Niliona kwa dirisha. Yule mama alibaki na trei yake mikononi, mdomo wazi. Nami nilikuwa nakunywa chai. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nikatia biskuti.

Wenzake wa Jumatano walimpa ushauri wanaompa kila mtu: usiwafungulie mlango, jibu kwa maandishi, na uombe nakala ya faili lako lote. Rowena aliomba faili. Halafu akaandika kurasa nne juu ya uhuru wa mtoto, na ndani ya kurasa zote nne hakutaja hata kitu kimoja ambacho Bryony anakifanya. Halmashauri ikajibu kwamba haijaridhika. Siku kumi na tano, la sivyo amri ya shule.

Bryony alikuwa kwenye ngazi barua hiyo ikisomwa. Siku tatu hakusema neno, na mama yake, na mimi, hata na Eirik. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yake, meli ya soko ikaja ikaondoka, na mzigo wake wote ukaoza. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilidhani ninamtoa kwenye gemu nimpeleke kwenye vitabu. Kumbe nilikuwa namrudisha kwenye ile nguzo ya ngazi, na safari hii anayemvuta miguu ni mimi.

Ikabidi Rowena akubali ofisa aje nyumbani. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na sita Januari. Na nani aliyeombwa awepo?

"Uje, Mama, tafadhali," Rowena alisema. "Wewe ni mwalimu. Utajua jinsi ya kuongea naye. Mimi nitapandwa na hasira."

Nilikuja na keki ya tangawizi.

Asubuhi ile ile posta ikaleta faili, bahasha nene. Rowena aliifungua kwa kisu cha siagi. Jina la mlalamikaji lilikuwa limefunikwa wino mweusi, ila karatasi zangu nane zilikuwemo zote. Sikuwa nimefikiria kwamba angezipata. Lakini Rowena hakuwa na utulivu wa kusoma. Alisoma mistari miwili, akatukana, akazitupa kwenye kiti. Bryony akaziokota, akaketi nazo kwenye ngazi ya tatu, na penseli.

Ofisa aliitwa Bi. Rafiq. Mwanamke wa makamo, hijabu ya kijani, buti zenye matope, lafudhi ya huku kwetu Yorkshire, nzito kuliko yangu. Alivua buti bila kuambiwa, akakubali chai, akakata keki kipande kinene. Bryony hakumsalimu, naye hakumlazimisha.

"Nakwambia mapema," Rowena akasema, "hataongea na wewe. Ukimlazimisha, utatoka."

"Sijaja kumlazimisha mtu, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nzuri sana. Imejaa uhuru." Akalamba makombo kidoleni. "Ila mtoto simwoni humo. Mimi natafuta mtoto."

"Mtoto huyo hapo kwenye ngazi."

"Namwona. Na nilimwona kabla sijafika hapa." Akavuta mkoba, akatoa nakala ya karatasi zangu. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Watu wakilalamika wanaandika, mama mvivu, mtoto anapotea. Basi. Huyu ameandika barua kusema mtoto hajifunzi chochote, hajui hata kusoma. Halafu akaambatanisha ushahidi. Ninachojiuliza ni kama aliwahi kuusoma ushahidi wake mwenyewe."

Mkono wangu ulikuwa umeshika birika. Niliuacha hapo hapo.

"Sikiliza. Tarehe kumi Septemba. *Saa nne kamili. Mtoto anachora ramani ya kisiwa nyuma ya karatasi ya zawadi. Anapima kwa rula. Anasema: sentimita moja ni hatua ishirini.*"

"Ramani hiyo iko chooni, ukutani," Rowena akasema, akiwa amekunja uso.

"Nitakwenda kuiona. Tarehe ishirini na nne. *Saa nne na robo. Mtoto anahesabu kwa sauti. Mifuko mia tatu na sitini ya shayiri, kila mashua inachukua arobaini na mitano. Anasema: nane. Anacheka.* Hakuwa na karatasi, inasema hapa. Mimi nilihitaji karatasi." Akageuza ukurasa. "Tarehe ishirini na mbili Oktoba. *Mtoto anaandika salamu kwa Kinorwei, maneno tisa, anatafuta kila moja.* Na hii sasa, tarehe nane ya mwezi huo huo. *Saa tano kasorobo. Mtoto anasoma kwenye kioo cha kompyuta maelezo marefu ya kujenga mfereji wa maji. Amerudi nyuma mara mbili. Amemwuliza mtu mzima aliyekuwepo maana ya neno mteremko.*" Akaiweka karatasi mezani. "Anasoma maelezo marefu. Huyo huyo anayesema mtoto hajui kusoma ndiye aliyeandika kwamba anasoma. Yeye mwenyewe!"

Nilihisi kama nimepigwa kofi la uso. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeyaandika yote, moja baada ya jingine, kwa uaminifu, kama nilivyowafundisha wanagenzi, na sikuona hata moja. Miaka thelathini na minne nimewaambia watu waandike wanachoona. Mwenyewe niliandika nikiwa nimefumba macho.

"Subiri," Rowena akasema polepole. "Mtu mzima gani?"

Bi. Rafiq akanywa chai yake.

"Crabtree hajawahi kuingia humu ndani. Alimwuliza nani? Mimi sikumbuki kuulizwa juu ya mteremko."

Nilikumbuka mimi. Nilikuwa namenya viazi, nikamwonyesha kwa ubao wa kukatia, nikauinamisha, kiazi kikabingirika, akacheka.

"Ni kila siku saba," sauti ikasema.

Sote tuligeuka. Bryony alikuwa amesimama ngazi ya tatu, karatasi zimejaa mistari ya penseli. Mbele ya mgeni! Rowena aliweka mkono mdomoni. Mimi nusura niangushe birika.

"Nini kila siku saba, kipenzi?" Bi. Rafiq akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wanaongea kila siku.

"Tarehe zake. Kama meli." Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Kumi, kumi na saba, ishirini na nne. Halafu inaruka. Nane, kumi na tano, ishirini na mbili. Inaruka tena. Tano, kumi na mbili. Kila mara ni saba, au saba mara mbili. Nimeona haraka kwa sababu meli yetu iko hivyo hivyo." Akashuka ngazi moja. "Na tarehe tano Novemba ilikuwa siku ya fataki. Hiyo nakumbuka, ilikuwa Jumanne. Kwa hiyo zote ni Jumanne!"

"Lo," Bi. Rafiq akasema.

"Na zilizorukwa ni Jumanne mbili." Sasa alikuwa anaongea kwa kasi, mashavu mekundu, anafurahia kama mtu anayekaribia kumaliza fumbo. Sikuwahi kumwona mzuri vile. "Tarehe mosi Oktoba haipo. Na ishirini na tisa haipo. Aliyeandika hakuwepo siku hizo. Kwa hiyo ukitaka kujua ni nani unatafuta mtu anayekuja Jumanne, halafu tarehe mosi hakuja, kwa sababu tarehe mosi..."

Akanitazama.

"Tarehe mosi Nana alikwenda kwa daktari wa macho," akamaliza. "Na ile nyingine alikuwa Scarborough, kwa dada yake."

Furaha ilikuwa bado haijaondoka usoni mwake jibu lilipofika. Niliviona vyote viwili kwa pamoja, ile furaha na lile jibu, na sitaki kuona kitu kama hicho tena maishani mwangu.

"Nana?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Rowena hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Aliangalia meza, keki, mikono yangu, kana kwamba anatafuta kitu alichokipoteza kati ya vitu hivyo. Bi. Rafiq akafunga mkoba.

"Mimi siruhusiwi kusema ni nani wala kusema si nani," akasema. "Nilichokuja kukiona nimekiona." Akamgeukia Bryony. "Ahsante. Ile ya meli nimeielewa vizuri." Akaenda chooni kutazama ramani, akavaa buti zake, akaondoka.

Rowena akavaa koti. Nilidhani ananifukuza. Kumbe alikwenda kubisha kwa Bi. Crabtree. Tukabaki wawili, mimi na Bryony.

"Kipenzi," nikasema, na sauti yangu ndiyo iliyogoma safari hii. "Nilidhani hujui kusoma. Niliogopa. Nilikupa kitabu ukakifunga."

Alipekua zile karatasi mpaka akaipata ya mwisho, akaishika kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti, wazi, bila kujikwaa hata mara moja.

"Tarehe kumi na mbili Novemba. Saa saba. Mtoto amepewa kitabu asome kwa sauti na mtu mzima aliyekuwepo. Amekifunga. Hajasema neno mpaka saa tisa." Akainua macho. "Hujaandika kwa nini."

Akaniwekea karatasi mapajani, akapanda juu, akafunga mlango.

Rowena alirudi na trei ya mayai na macho mekundu. Aliyaweka mayai kwenye sinki, akanyoosha kiganja mbele yangu.

"Funguo, Mama."

Nikampa.

Wiki mbili baadaye aliniandikia ujumbe kwenye simu, mstari mmoja: *Wameridhika. Hakuna kesi tena.* Nilijibu kwa maneno mengi, na sikujibiwa. Jumanne zikaja. Sijui kama mnajua Jumanne ilivyo ndefu. Nilipiga deki jikoni palipopigwa deki. Nilikwenda hadi kona ya mtaa wao, nikageuka kama mwizi. Dada yangu wa Scarborough aliniambia, "Noreen, ulifanya kwa nia njema," nikamkatia simu, maana nia njema ndiyo iliyoniandikia ile barua, na nia njema ndiyo iliyokaa inakunywa chai mayai ya mjane yakirudishwa.

Juzi Jumamosi ilikuja bahasha, jina langu limeandikwa kwa penseli. Ndani karatasi moja, nyuma ya karatasi ya zawadi. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaketi kwenye ngazi, nikaisoma tena.

*Tarehe 21 Januari. Saa tatu na dakika kumi. Mlango. Hakuna mtu. Mama amebaki nyumbani, hakwenda kazini.*

*Tarehe 28 Januari. Saa tatu na dakika kumi. Mtu amebisha. Bi. Crabtree na mayai. Si yeye.*

*Tarehe 4 Februari. Saa tatu na dakika kumi. Mtoto amekaa kwenye ngazi. Kompyuta haijawashwa.*

*Tarehe 11 Februari. Saa tatu na dakika kumi. Mvua. Mtoto amemwuliza mtu mzima aliyekuwepo kama hasira huwa inaisha. Mtu mzima amesema hajui, labda. Mtoto amesema yake imebaki kidogo.*

Pembeni, kwa kalamu, ulikuwepo mwandiko wa Rowena, maneno mawili tu: *Ubishe hodi.*

Na chini kabisa, kwa penseli tena, *Tarehe 18 Februari. Saa tatu na dakika kumi.* Mbele yake hapakuandikwa kitu. Ameacha nafasi ya mistari mitatu.

Leo ni Jumatatu. Buti zangu nimeziweka karibu na mlango, na kitabu sichukui.